Kiti Kinachozama

Kiti cha baiskeli yangu kilianza kuzama mwezi wa Januari, polepole, kama mzee anayesinzia kanisani. Nikitoka nyumbani kiko juu sawasawa. Nikifika lami, ile barabara inayotoka Kangonde kupitia kwetu Masinga hadi Embu, magoti yameshaanza kukaribia tumbo, na wasee wa nduthi pale stegi wananiuliza kama nimepungua urefu.

Shida haiko kwenye kiti chenyewe, iko kwenye bomba lililokishika. Linaitwa dropa. Ni bomba ndani ya bomba, na waya mmoja unaopanda hadi kwenye usukani ambako kuna kitufe cha kidole gumba. Ukibonyeza ukiwa umekalia, kiti kinashuka. Ukibonyeza ukiwa umeinuka, kinarudi juu chenyewe, fyuu, kama lifti. Ukiachia kitufe, kinagandia pale pale kilipo. Lilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoteremka milima ya mawe kwa kujifurahisha, na mimi nililipata mtumbani Nairobi, kwenye baiskeli iliyotoka Ulaya ndani ya kontena. Aliyeniuzia hakujua kitufe ni cha nini. Aliniambia ni cha kengele, ila kengele imetoka.

Nilinunua baiskeli hiyo wiki niliyoacha chuo, mwaka wa tatu, nikisomea historia. Nilimlipa kwa pesa ambazo nyumbani walijua ni za karo. Sehemu hiyo ya hadithi, babu hajaambiwa yote. Anachojua ni kwamba mjukuu alienda kutafuta digrii akarudi na baiskeli, na sasa hata hiyo baiskeli inazama.

Ingekuwa ni yangu peke yangu ningeendelea kuikalia hivyo hivyo. Lakini asubuhi inaenda shule. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa, kilomita sita za mchanga na makorongo. Yeye ni mfupi kwangu kwa kichwa kizima. Asubuhi anabonyeza kitufe, kiti kinashuka hadi kimo chake. Jioni nabonyeza, kinapanda hadi kimo changu. Mwaka mzima tumeishi hivyo, watu wawili kwenye baiskeli moja, bila spana. Dropa ikifa, mmoja wetu atatembea, na nyote mnajua ni nani huwa anatembea.

Kabla sijaifungua, nataka kuwaeleza kuhusu kiti kingine.

Babu alinunua Black Mamba yake 1980. Wakati huo bwawa la Masinga lilikuwa linajengwa, chini ya ile mamlaka ya maendeleo ya Mto Tana iliyoundwa 1974, na yeye alikuwa kibarua pale, akibeba kokoto. Tayari kulikuwa na Kindaruma ya 1968, Kamburu ya 1974 na Gitaru ya 1978. Masinga ndiyo ilikuja juu ya zote, ikakamilika 1981, ikatandaza maji kwenye eneo la takriban kilomita mraba 120. Stima ilipita juu ya vichwa vyetu ikaelekea Nairobi. Babu alibaki na baiskeli.

Black Mamba si jina la kampuni. Ni jina la umbo: nyeusi, nzito, ringi za inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, keria ya nyuma inayoweza kubeba gunia la mahindi au bibi harusi. Mfano wake ulikuwa Raleigh ya Nottingham, Uingereza, na baadaye Wahindi na Wachina wakatengeneza za kwao, Hero, Atlas, Phoenix, kwa bei ambayo kibarua angeweza kuiota. Ya babu ilitoka India. Kule mpakani, Busia, watu walishaanza tangu miaka ya 1960 kuweka mto kwenye keria na kuvusha abiria kati ya Kenya na Uganda, na hapo ndipo jina boda boda lilipozaliwa, kabla ya injini kulichukua. Kwetu haikubeba abiria. Ilibeba maji. Mitungi minne ya lita ishirini, kutoka mtoni.

Kiti chake kilikuwa cha ngozi, springi mbili nyuma, kimeshikwa na nati moja. Siku ya kwanza fundi wa sokoni alikipima kwa mguu wa babu, akakaza. Hakijawahi kusogea tena. Mwaka jana nilijaribu kukilegeza kwa udadisi tu, nikamwagia mafuta ya taa, nikasubiri siku mbili, nikavuta. Wapi. Chuma na chuma vimefunga ndoa.

Sasa fikiria maana yake nyumbani. Baba yangu na ndugu zake walijifunza kuendesha wakiwa wamepitisha mguu mmoja ndani ya fremu, chini ya ule mwamba wa juu, mwili umepinda upande kama mtu anayechungulia dirishani. Kila mtu aliyekulia kijijini anaijua staili hiyo. Tunaisimulia kama kichekesho, lakini ukiiangalia vizuri ni mtoto anayeendesha chombo ambacho kiti chake hakimhusu. Na susu, bibi yetu, hakuwahi kuiendesha hata siku moja. Yeye alibeba maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso, siku ambazo babu na baiskeli walikuwa na shughuli nyingine. Ana alama ya ile kamba hadi leo, mfereji mdogo kwenye kichwa.

Niliwahi kumuuliza babu, si kwa ubaya: "Babu, kwani ungekiteremsha kiti kidogo, susu naye aende mtoni nayo, ungepungukiwa nini?"

Alifikiria kwa muda. Hakukasirika. Akasema: "Na nani angekipandisha tena?"

Nilidhani anakwepa swali. Baadaye nikaona alikuwa anajibu kwa usahihi kabisa. Spana ilikuwa ya fundi. Fundi alikuwa sokoni, na sokoni ni siku ya soko. Kila kusogeza kiti kulikuwa ni senti na nusu siku. Ukikiteremsha kwa ajili ya mtu mmoja, umekiteremsha kwa wiki. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee ya susu kutembea. Mila ilikuwepo, na rinda lilikuwepo, na babu ni babu. Lakini ile nati ilisaidia mila kufanya kazi yake.

Na kumbe swali la babu lilikuwa limewasumbua watu wengine, mbali sana.

Kabla ya 1885, baiskeli ya maana Ulaya ilikuwa ile ya gurudumu moja kubwa mbele na kitoto nyuma. Pedali zilikuwa kwenye gurudumu lenyewe, kwa hiyo urefu wa mguu wako ndio uliamua ukubwa wa gurudumu utakalonunua. Baiskeli ilikuwa kama suruali: ya kaka yako haikufai. Kisha John Kemp Starley wa Coventry akatoa Rover, magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, cheni inayozungusha la nyuma, na kiti juu ya bomba linaloingia kwenye fremu. Miaka mitatu baadaye Dunlop akaleta tairi la upepo. Umbo hilo ndilo alilonunua babu, halijabadilika sana. Sasa chombo kimoja kingeweza kutoshea miili mingi, mradi tu kuna mtu mwenye spana. Hilo sharti la mwisho lilikaa karibu miaka mia moja bila kuguswa.

Walioligusa hawakuwa wanawaza watoto wa shule. Walikuwa vijana wa kaunti ya Marin, California, juu kidogo ya San Francisco, waliokuwa wanaokota baiskeli kuukuu, zile Schwinn nzito za miaka ya 1930 na 1940 zilizoachwa kwenye mabanda na majalala. Mtumba ya Wamarekani, tuseme. Walikuwa wanazipandisha milimani na kuziachia ziteremke. Oktoba 1976 wakaanza kushindana rasmi kwenye njia moja ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, inayoshuka karibu mita 400 kwa mteremko mkali. Njia yenyewe waliiita Repack, na jina hilo ni la gereji kabisa. Baiskeli zile zilikuwa na breki ya ndani ya kitovu, unayoikanyaga kwa kurudisha pedali nyuma. Kufikia chini grisi yote ilikuwa imechemka na kutoka kama moshi, kwa hiyo kila baada ya mteremko ilibidi ufungue kitovu ukijaze grisi upya. Yaani njia nzima ya mashindano ilipewa jina la kazi ya kufanya sevisi. Nalipenda sana jambo hilo.

Mmoja wao, Joe Breeze, ambaye 1977 alitengeneza fremu ya kwanza iliyokusudiwa mchezo huo tangu mwanzo, alikuwa na shida ya kiti. Ukipanda mlima unataka kiti juu, mguu ukaribie kunyooka ukifika chini ya pedali, maana hapo ndipo paja lina nguvu. Ukiteremka unataka kiti kipotee. Kikiwa juu kinakusukuma mbele, gurudumu la mbele likigonga jiwe unaruka juu ya usukani. Wakati huo walikuwa na kibano cha kufungua kwa mkono badala ya nati. Wazo la kibano cha namna hiyo lilitoka kwa Muitaliano Tullio Campagnolo, aliyelibuni kwa ajili ya magurudumu ya mbio nusu karne nyuma. Kwa hiyo kushusha ilikuwa rahisi: fungua, kalia, funga. Kupandisha je? Unasimama, unashuka, unavuta, kiti kinapinda, unakinyoosha, wenzako wameshapotea. Nani atakipandisha tena?

1984 Breeze na mwenzake Josh Angell wakatoa kitu walichokiita Hite-Rite. Ni springi tu. Upande mmoja umebanwa kwenye bomba la kiti, mwingine kwenye kibano cha fremu. Ukifungua kibano huku umekalia, uzito wako unakishusha. Ukiinuka, springi inakirudisha juu, kikiwa kimenyooka. Hakuna mafuta, hakuna gesi, hakuna siri. Fundi yeyote wa Masinga angeiangalia dakika moja akaelewa, na dakika ya pili angeanza kukata springi ya kochi.

Ilivuma kwa miaka michache kisha ikasahaulika, watu wakahamia kwenye mambo ya shokizi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Gravity Dropper ya Marekani ikaleta wazo lilelile, safari hii na kitufe kwenye usukani, huna haja ya kuinama. Halafu 2010 RockShox wakatoa Reverb, iliyotumia mafuta ndani, na kiti kikaweza kusimama kimo chochote unachotaka. Baada ya hapo baiskeli ya milimani ya bei isiyo na dropa ikaanza kuonekana kama simu isiyo na kamera. Machi 2022 Mslovenia Matej Mohorič akaweka dropa kwenye baiskeli ya mbio za lami, akateremka kilima cha Poggio kama aliyetumwa, na akashinda Milan–San Remo. Wazee wa mchezo hawakuamini.

Lakini tazama kilichotokea njiani. Springi ya Breeze ilikuwa nje, unaiona. Ya leo iko ndani, ndani ya silinda, ndani ya bomba, ndani ya fremu.

Basi Jumamosi moja nikaifungua, chini ya mwembe, babu kwenye kiti chake cha plastiki akiangalia, mdogo wangu ameshika simu yenye picha za mwongozo. Ukitaka kufanya ya kwako, sikiliza, maana hakuna aliyeniambia hivi kwa Kiswahili.

Kwanza weka alama. Funga utepe kwenye bomba pale linapoingia kwenye fremu, ili ulirudishe kimo kilekile. Legeza kibano, vuta bomba juu pole pole huku mtu mwingine anausukuma waya kutoka upande wa usukani, la sivyo unaukunja. Waya unaishia kwenye chuma kidogo kama punje ya mchele kilicholala kwenye kiwiko chini ya bomba. Kitoe pale. Usikidondoshe kwenye mchanga. Mimi nilikidondosha, tukakichekecha kwa ungo wa susu.

Juu ya bomba la nje kuna kola yenye mpira wa kuzuia vumbi. Inafunguka kama kifuniko cha chupa, lakini ya kwangu ilikuwa imekaza na sina chombo chake. Nikaizungushia kipande cha tyubu kuukuu mara tatu, nikakamata, nikazungusha. Ikafunguka. Hiyo si akili yangu, babu ndiye alisema leta tyubu.

Hapo bomba la ndani linatoka taratibu. Utaona vijiti vidogo vya shaba, kwangu vilikuwa vitatu, vimelala kwenye mifereji. Kazi yake ni kuzuia kiti kisizunguke kushoto na kulia. Vikilika, kiti kinacheza ukikikalia. Kumbuka kila kijiti kilikuwa mfereji gani na upande gani, piga picha, kwa sababu vinalika tofauti na havipendi kubadilishana nyumba. Futa kila kitu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Tulitoa matope mekundu yetu, na chini kabisa mchanga mweupe mzito ambao haukuwa wetu. Ulisafiri kutoka Ulaya. Babu aliuchukua kwa kidole akauangalia kwenye mwanga, akaurudisha bila kusema kitu.

Kuhusu grisi: ile nzito ya beringi za magari, acha. Itafanya kiti kipande kama kinaenda jandoni bila kupenda. Tafuta grisi laini ya shokizi. Mimi niliagiza kopo dogo kutoka Nairobi, likaja na matatu kama kifurushi. Pakaza kidogo kwenye mpira, kwenye mifereji, kwenye vijiti. Rudisha. Kaza kola kwa mkono, si kwa hasira.

Kazi hiyo yote ilichukua saa mbili na nusu, na ukiifanya kila baada ya miezi michache kwenye vumbi kama la kwetu, dropa itakaa miaka. Tuliirudisha, nikabonyeza, kikapanda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Mdogo wangu akapiga makofi. Nikakalia. Kikazama sentimita nne.

Kwa sababu ugonjwa haukuwa pale.

Ndani ya bomba la ndani kuna katriji, silinda iliyofungwa. Humo kuna mafuta na kuna gesi yenye shinikizo kubwa, na kati yao kuna pistoni ndogo inayoelea, yenye mpira wa kuvitenganisha. Mafuta hayabanwi. Ukiachia kitufe, tundu la mafuta linajifunga, na wewe unakaa juu ya mafuta yaliyokosa pa kwenda. Ndiyo maana kiti kinasimama imara. Gesi inabanwa. Gesi ikipenya ule mpira ikaingia upande wa mafuta, sasa umekalia puto.

Inapenyaje? Njia inayojulikana zaidi ni kunyanyua baiskeli kwa kushika kiti wakati kiti kimeshuka. Ukivuta hivyo, unatengeneza ombwe ndani, na gesi inafyonzwa kupita pistoni. Niliposoma hilo nilifunga simu kwa muda. Siku niliyorudi nyumbani, pale stegi Nairobi, mimi mwenyewe nilimwambia jamaa wa matatu akishushe kiti kabisa ndio baiskeli itoshe kwenye keria ya juu. Kisha akaipandisha kwa kuivuta kwa kiti, akaifunga kamba hapo hapo kwenye kiti, na kwa kila tuta na kila shimo la Thika Road hadi Kangonde ilikuwa inavutwa. Haikuharibika Januari. Iliharibika siku ile ya kurudi, nami nimekaa ndani nikitunga uongo wa kuwaambia nyumbani.

Je, katriji inafunguliwa? Inategemea. Kwa Reverb, RockShox wanatoa mwongozo wa sevisi ambao yeyote anaweza kuusoma, na kuna valvu chini ya kiti ya kujaza upepo hadi psi 250. Tairi la baiskeli ya milimani hata nusu ya nusu halifiki. Matoleo ya baadaye yakawekewa valvu ya kuitoa hewa iliyopotea njia bila kufungua chochote. Ya kwangu ni ya kampuni nyingine, na ni silinda isiyo na mlango. Imeandikwa usifungue, na hapa sitajifanya shujaa: gesi ya namna hiyo ikiachiliwa ghafla inaweza kurusha chuma kwenye jicho. Onyo si uongo. Ila onyo hilo pia ndilo linalofanya uuziwe nyingine, na nyingine, nilipopiga hesabu ya bei na usafiri na ushuru, ilikuwa zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia baiskeli nzima.

Babu aliniambia nisidhani hayo ni mambo mapya. Enzi zake, alisema, kulikuwa na Raleigh ambayo vikombe vyake vya beringi havikubali vya kampuni nyingine. Nilidhani ni hadithi za wazee, nikatafuta. Ni kweli. Waingereza wengine walikata uzi wa skrubu 24 kwa inchi, Raleigh wakakata 26 za kwao peke yao. Ukiwa na Raleigh ulirudi kwa Raleigh. "Na fundi alifanyaje?" nikauliza. "Alifunga bati la Kimbo pale kwenye uzi, akapiga nyundo." Tofauti ni kwamba uzi wa skrubu unauona, unaweza kubishana nao. Silinda haibishani.

Kuna mtu Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah, mkimbizaji baiskeli aliyeanzisha Safari Simbaz, ambako vijana wanafunzwa kuendesha na pia kutengeneza. Chris Froome, kabla ya kushinda Tour de France 2013 na mara tatu baada ya hapo, alikuwa mtoto wa Nairobi anayeenda kushinda pale kwa Kinjah. Watu wakisimulia hadithi hiyo huishia kwenye jezi ya manjano. Mimi huwa nawaza wale vijana wengine ambao walibaki na spana.

Jibu letu lilitoka kwenye tangi la maji. Tulikuwa na kipande cha bomba la plastiki lililobaki tulipounganisha mfereji. Nililikata urefu wa pengo lililopo kati ya kola na kibano cha kiti, kiti kikiwa juu kabisa. Kisha nikalipasua upande mmoja kwa msumeno, kutoka juu hadi chini, ili liweze kutanuka. Nikaling'ang'aniza kwenye bomba la ndani. Likashika kama mkono. Kiti hakiwezi tena kuzama kwa sababu hakina nafasi ya kuzama. Uzito unapita kwenye plastiki, katriji inapumzika. Nilikwangua kingo kwa msasa na kuweka kipande cha kitambaa ndani, bomba la dropa lisipate mikwaruzo, maana mkwaruzo mmoja unakula mpira wa vumbi.

Hapo nilikuwa nimepata kile alichokuwa nacho babu: kiti imara, kimo kimoja, changu.

Mdogo wangu alikiangalia. Hakusema neno. Alienda kwenye kile kipande kilichobaki, akakirudisha mkononi mwangu pamoja na msumeno, akakaa kwenye baiskeli, akashusha mguu hadi ukagusa chini, akasema, "Pima."

Chake ni kifupi kuliko changu kwa sentimita saba na nusu. Tumevipaka rangi, cha kwake ni cha njano. Asubuhi anachomoa changu, anabonyeza kitufe na kushuka, anavisha chake, nusu dakika, kisha anaondoka. Jioni nafanya kinyume. Gesi iliyobaki bado ina nguvu ya kukirudisha kiti juu, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuvuta. Itakapoisha kabisa tutaona. Nimeshaanza kuuliza bei ya springi.

Vipande vyote viwili vinakaa kwenye msumari mmoja kando ya mlango wa jikoni. Juzi asubuhi nilikuta cha njano bado kinaning'inia na baiskeli haipo. Nilidhani amekisahau, nikatoka mbio hadi njiani. Alama za tairi hazikuelekea shule. Zilielekea mtoni, zikiyumba sana, na kando yake kulikuwa na nyayo za mtu mmoja anayekimbia pembeni kama mtu anayeshikilia kiti cha anayejifunza. Ni likizo, nilikuwa nimesahau. Na ule mtungi mdogo wa susu, wa lita kumi, haukuwa mahali pake.